Likizo Malta kwa mtu wa Mwanza: kuna nini cha kufuata?

Kijana wa Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Mimi na mke wangu tunapanga likizo ya Septemba. Dada yake anafanya kazi Malta, ile nchi ya visiwa huko Ulaya, ametukaribisha, malazi bure. Mimi nilikuwa nawaza Zanzibar, siku chache nirudi zangu kazini. Nimeangalia picha: mawe, maji, makanisa. Sasa mawe si ndiyo Mwanza yenyewe? Na maji tumeyapa mgongo. Aliyewahi kufika, hasa mtu wa kanda yetu, anieleze kuna nini cha kumtoa mtu Nyegezi. Watoto tunawaacha kwa bibi yao Magu.

Pasiansi Junior
Malazi bure Ulaya halafu unaomba ushauri? Mkuu, nipishe mimi, nitakutumia picha.

Mama Dagaa Kirumba
Nenda mwanangu. Mimi ni mzaliwa wa Nansio, Ukerewe, nauza dagaa Kirumba, na kijana wangu yuko huko jikoni kwenye hoteli. Nilikwenda kumwona.

Mawe yao si haya yetu. Kule ni jiwe la chokaa, la manjano hafifu, linakatwa kwa msumeno. Nyumba, kanisa, ngome, ukuta wa shamba, vyote ni jiwe hilo hilo. Mji wa Valletta waliujenga hivyo wale askari watawa wa Mtakatifu Yohane baada ya kuzingirwa na Waturuki mwaka 1565. Jua la saa saba likipiga pale hufumbui macho. Beba miwani.

Kilichonishangaza ni maji. Hakuna mto unaotiririka mwaka mzima, ziwa ndiyo usiulize. Sehemu kubwa ya maji ya bomba inatoka baharini, mitambo inayasukuma kwa nguvu kwenye vichujio hadi chumvi ibaki nyuma. Mimi niliyekulia Ukerewe, ndoo naiinamisha tu ziwani, nimekaa nimezungukwa na maji pande zote, mwanangu ananiambia, "Mama, funga bomba kwanza ukiwa unasugua sufuria." Ya kunywa ananunua ya chupa, anadai ya bomba yana ladha. Halafu hapa kwetu mgao, na ziwa liko mlangoni! Tuyaache, presha itapanda.

Jumapili muende Marsaxlokk. Ndio mwalo wao, upande wa kusini. Boti wanaziita luzzu, zimepakwa njano, nyekundu, buluu na kijani, na kwenye omo kila moja ina macho mawili, wanasema yanalinda chombo. Fikeni asubuhi na mapema. Mkifika saa tano mtakuta watalii na kofia za kuuza, samaki wazuri wameshaondoka.

Mimi nilisimama kwa mzee mmoja akipasua lampuki. Ni samaki mrefu, mgongo kijani na buluu, ubavu dhahabu tupu, na rangi inazidi kufifia kadiri anavyokaa mezani, kwa hiyo kwa macho tu unajua yupi wa leo. Kijana wangu akanieleza wanavyowavua. Wanafunga makuti kwenye maboya, wanayatia nanga mbali huko baharini, samaki wanakuja kujikusanya kivulini, wanazungushiwa wavu. Msimu unaanza Agosti mpaka Desemba, Septemba yenu mtawakuta. Sisi dagaa tunawaita kwa taa usiku wa giza, wenzetu wanaita kwa kivuli mchana kweupe! Nilicheka peke yangu pale. Kiingereza changu na cha yule mzee havikukutana, lakini bei tulielewana. Mchuuzi akitaja bei huku anaangalia pembeni, hiyo inashuka, Kirumba au Malta.

Kisha laleni Gozo, kisiwa kidogo cha jirani. Feri inatoka Ċirkewwa mpaka Mġarr, kama dakika 25. Kwenda hakuna anayekudai, nauli unalipia wakati wa kurudi, na mimi nimebana hela kiganjani njia nzima namtafuta kondakta. Huko kuna mahekalu ya Ġgantija, yana zaidi ya miaka 5,000, yametangulia piramidi za Misri. Lile tao la mwamba baharini unaloliona kwenye picha, Azure Window, lilianguka Machi 2017, msidanganywe. Mimi moyo wangu ulibaki Xwejni kwenye mashamba ya chumvi. Wamechonga vibeseni kwenye mwamba ufukweni, maji ya bahari yanaachwa yakauke, chumvi inafagiliwa kwa ufagio. Ningeruhusiwa ningefagia na mimi.

Blue Lagoon kule Comino, kisiwa kingine kidogo, maji ni mazuri, sikatai, lakini watu wamebanana kama dagaa kwenye uchanja. Sirudi.

Katekista Misungwi
Mama amesahau la maana. Hiyo ndiyo Melita ya kwenye Biblia, Matendo ya Mitume 28, Paulo alipovunjikiwa meli na nyoka akamng'ang'ania mkononi. Valletta lipo kanisa la kumbukumbu hiyo. Na muone kuba la kanisa la Mosta: tarehe 9 Aprili 1942 bomu la Wajerumani lilitoboa kuba, likaanguka ndani waumini wakiwa wamejaa, halikulipuka.

Mdau Buzuruga
Malta iko Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari isipungue euro 30,000, na maombi yasipelekwe chini ya siku 15 kabla ya safari. Ningekuwa wewe ningeanza mapema zaidi ya hapo. Shemeji aandike barua ya mwaliko. Ndege unaweza kupitia Dar kisha Istanbul.

Kijana wa Nyegezi
Shikamoo mama. Asante sana, na wengine wote. Kuogelea je? Ziwani mimi siingii, mamba na kichocho vinanitosha.

Mama Dagaa Kirumba
Marahaba mwanangu. Hivyo viwili huko hakuna. Kuna yavuyavu, viumbe laini wa baharini, wanawasha, ukiona wenyeji wamesimama nje wanatazama maji na wewe simama. Halafu sehemu nyingi ufuko ni mwamba mtupu, unashuka kwa ngazi ya chuma, hatua ya pili tu kina kimekupita kimo. Mkeo kama haogelei mpeleke Għadira, kule Mellieħa. Kuna mchanga, na unatembea mbali maji yakiwa bado magotini.

Viatu muwe na vya soli ngumu, yale mawe ya Valletta yamesuguliwa na nyayo mpaka yanateleza.

Na kabla hujaondoka pita Kirumba nikufungie dagaa wakavu umpelekee kijana wangu. Samaki wa kula mwenyewe wanaruhusu kuingiza, nyama na maziwa ndiyo usithubutu. Kifungashio nitakitafuta mimi, kisinuke kwenye ndege.

Kijana wa Nyegezi
Jumamosi nakuja mama. Wife amesoma uzi huu, kumbe picha za pasipoti alishapiga wiki iliyopita.

Pasiansi Junior
Kwa hiyo ile nafasi ndiyo basi tena?