Mrejesho: chupa ya asidi iliyokuwa ikivuja maabara, Kongwa

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza nifanyeje na chupa ya asidi ya haidrokloriki iliyokuwa ikitoa moshi na kula kabati la chuma kwenye maabara ya shule yetu.

Nilifungua madirisha, nikavaa miwani na glavu nene, nikaimimina asidi kidogo kidogo ndani ya maji (kamwe si maji ndani ya asidi!), kisha nikaongeza sodiamu baikaboneti (unga wa kuua ukali wa asidi) hadi povu likakoma. Litmasi ya bluu (karatasi ya kupimia asidi) haikugeuka nyekundu tena.

Kabati halikupona, bawaba zimekwisha kwa kutu. Chupa zilizobaki ziko chini, ndani ya beseni la plastiki. Na kwa kuwa bomba letu hukauka, nimeweka pipa lenye koki la kunawia macho. Hilo ndilo lililonipa usingizi.