Great Ocean Road, siku nne, mimi na mume wangu: tuanzie wapi, tulale wapi?

Matlai

Habari zenu ndugu zangu. Mimi na mume wangu tunakwenda Melbourne mwanzoni mwa Machi kwenye harusi ya mpwa wake, na harusi ikiisha tunabakiwa na siku nne za kwetu wawili. Tangu kifungua mimba wetu azaliwe hatujawahi kusafiri pamoja bila mtoto mgongoni, bila mzigo wa mtu, bila kuitwa na msiba. Tumekubaliana kukodi gari tuifuate Great Ocean Road, ile barabara ya pwani ya kusini mwa Australia. Makubaliano yameishia hapo. Yeye katazama ramani, kaona kilomita 243 kutoka Torquay hadi Allansford, akasema hiyo ni kazi ya siku moja na siku tatu zilizobaki turudi mjini. Mimi nataka zote nne ziishie huko huko ufukweni, tusimame tunapopenda, tusikimbizane na saa.

Walioipita njia hiyo, nisaidieni. Siku nne ni nyingi mno? Tuanze upande upi? Tulale wapi? Na jingine: kona zikizidi roho inanichafuka nikiwa abiria, lakini nikishika usukani mwenyewe sisikii kitu. Mume wangu naye si mtu wa kuachia usukani.

Kusi

Dada Matlai, hongereni kwa harusi na kwa safari. Siku nne si nyingi. Mimi na mke wangu tumeipita njia hiyo mara mbili, na mara ya kwanza tuliifanya kwa siku moja kama anavyotaka shemeji.

Ilikuwa Juni, kipupwe cha huku, hatujatimiza hata mwaka Australia. Gari la kukodi tulikabidhiwa kwa kuchelewa, tukatoka Melbourne saa sita mchana. Lorne tulipita natazama saa. Apollo Bay tulinunua chai tukainywa garini. Kila mke wangu aliposema "simama hapo kidogo", nilimjibu "tutasimama mbele". Tulipofika kwenye Twelve Apostles, yale mawe marefu yaliyosimama baharini, jua limeshazama, kwa sababu Juni linazama saa kumi na moja na kitu jioni. Tuliona vivuli vitatu vinne vyeusi ndani ya maji, na upepo uliopenya makoti. Mwendo wa saa tatu kurudi mjini hatukusemezana. Nilimharibia mke wangu siku yake kwa kukimbilia mawe, na nilimwomba radhi. Mwonyeshe mumeo ujumbe huu.

Kilomita za njia hii hazifanani na kilomita za barabara kuu. Torquay hadi Apollo Bay ni kama 90 tu, lakini bila kusimama popote zinakula karibu saa mbili, maana barabara imechongwa ubavuni mwa mlima na bahari iko chini yako. Walioichonga ni askari waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1919 hadi 1932, kwa sururu na makoleo na baruti, na barabara nzima ni kumbukumbu ya wenzao waliokufa vitani. Pale Eastern View mtapita chini ya tao la mbao lililojengwa kwa heshima yao. Simameni. Kando yake kuna sanamu ya wanaume wawili walioshika zana za kazi, na ukiziona zile zana kisha ukageuka kuutazama mlima, utaipita kila kona inayofuata kwa adabu.

Anzeni Torquay muelekee magharibi. Huku gari linakwenda kushoto na usukani uko kulia, kama tulivyozoea Afrika Mashariki. Ukielekea magharibi bahari inakaa kushoto kwako, kwa hiyo abiria ndiye anayeiona bila kizuizi, na mkitaka kuchepuka mnaingia tu upande wenu bila kuukata msafara unaokuja. Kuhusu roho kuchafuka: kona kali ziko kati ya Lorne na Apollo Bay. Kipande hicho endesha wewe. Yeye akae upande wa bahari atazame kwa starehe, ndipo atakapoelewa kwa nini unataka siku nne.

Usiku wa kwanza laleni Aireys Inlet au Lorne. Aireys Inlet kuna mnara wa taa mweupe wa mwaka 1891, na ufuko wa chini yake jioni unakuwa na watu wachache. Usiku wa pili Apollo Bay. Hapo jazeni mafuta, kwa sababu mbele barabara inaiacha bahari na kuingia msitu wa Otway, na mtandao wa simu unakatika katika. Msishangae kuikosa bahari. Kuna njia fupi ya miguu iitwayo Maits Rest, imetandikwa mbao, inapita katikati ya kangaga zenye shina, nyingine zimetuzidi kimo, na mikaratusi ambayo ukitafuta kilele chake kofia inaanguka. Mke wangu alizungumza kwa kunong'ona muda wote tuliokuwa ndani, na mimi nikajikuta namjibu hivyo hivyo.

Usiku wa tatu laleni Port Campbell. Hapa ndipo ninaposisitiza. Watu wengi wanafika kwenye Twelve Apostles kwa basi kutoka Melbourne, wanapiga picha mchana jua likiwa utosini, wanaondoka. Port Campbell iko dakika kama kumi kwa gari kutoka hapo, kwa hiyo mnaweza kwenda mara mbili, jua linapozama na linapochomoza. Jioni mawe ya upande wa magharibi yanageuka meusi na anga nyuma yake inawaka. Asubuhi yale yale yanapigwa jua usoni, na rangi yake inakuwa kama ya asali. Mwanzoni mwa Machi jua linazama karibu saa mbili usiku, basi kuleni mapema.

Jina lisiwachanganye, mitume kumi na wawili hawapo. Yalikuwa mawe tisa, moja likaporomoka Julai 2005, yakabaki manane. Ni mawe ya chokaa, na bahari ya pale haina huruma kwa chokaa, kwa sababu kusini yake hakuna nchi kavu mpaka Antaktika. Wimbi halijavunjwa na mwamba wa matumbawe kama kwetu. Linakuja zima na linagonga. Tulishuka Gibson Steps, vidato 86 vilivyochongwa kwenye genge, na chini pale nilisikia kishindo kwenye nyayo kabla hakijafika masikioni. Mke wangu alivua kiatu akakanyaga mchanga uliolowa ili ahakikishe. Hali ya bahari ikiwa mbaya ngazi hufungwa, na maji yakijaa ufuko unakuwa mwembamba sana, kwa hiyo angalieni saa za kujaa na kupwa kabla ya kushuka.

Msikose Loch Ard Gorge, mwendo mfupi tu mbele. Juni 1878 jahazi kubwa la matanga liitwalo Loch Ard, likitoka Uingereza na watu 54, lilipasuka kwenye kisiwa cha karibu na hapo. Walipona wawili, kijana mwanamaji Tom Pearce na msichana Eva Carmichael. Tom alifika ufukweni kwanza, kisha akasikia sauti ya Eva majini, akarudi kuogelea akamtoa. Eva alipoteza wazazi wake na ndugu zake waliokuwa naye ndani ya meli. Makaburi yako pale juu. Ukisimama kwenye kale kaufuko kalikobanwa na magenge pande zote mbili, ukaona mlango wa maji ulivyo mwembamba, utakaa kimya. Sisi tulikaa karibu saa nzima.

Kaskazi

Naafikiana na kaka Kusi karibu kote, hasa kulala Port Campbell. Ila upande wa kuanzia, mimi nilianza Warrnambool, mji wa mwisho wa magharibi, kuja mashariki na sikujuta. Mama mkwe alikuwa nasi, na yeye genge likiwa dirishani mwake hawezi kupumua. Ukija mashariki gari liko upande wa mlima. Na ukielekea magharibi baada ya alasiri jua linakupiga machoni kona kwa kona. Matlai, kama mnafuata ushauri wake, kipande cha kuendesha kifanyeni asubuhi, alasiri mkae mahali.

Mengine mawili. La kwanza, kwenye kona kuna sehemu zilizotanuliwa zenye kibao cha magari ya mwendo mdogo. Wenyeji wanakwenda kazini kwa barabara hiyo hiyo. Ukiona magari matatu nyuma yako, chepuka, wapite, kisha endelea na mwendo wako. Ndiyo njia pekee ya kwenda taratibu bila mtu kukusukuma kwa taa. La pili, jua likizama kangaruu wanatoka. Mkitoka kutazama machweo endesheni polepole sana, na kangaruu mmoja akivuka ngojeni, mara nyingi yuko mwingine nyuma yake.

Na kuogelea ni kati ya bendera nyekundu na njano tu, ambako waokoaji wanaangalia. Bahari hii inavuta. Hata mwogeleaji wa Mtwara asijiamini.

Kusi

Ahsante dada Kaskazi. Kwa mwenye hofu ya magenge, kweli aje kutoka magharibi. Kwa Matlai bado nasema Torquay, kwa sababu hii ni safari ya watu wawili wanaotaka kusimama simama, na kusimama upande wa bahari ni rahisi na salama.

Nilisahau London Arch. Zamani iliitwa London Bridge, ilikuwa na matao mawili na watu wakipita juu yake hadi mwisho. Januari 1990 tao la upande wa nchi kavu liliporomoka ghafla, watu wawili wakabaki kule mbele na bahari imewazunguka, mpaka helikopta ilipowachukua. Hakuna aliyeumia. Nawaambia hili kwa sababu mtaona watu wanaruka kamba za ulinzi ili wapate picha. Msiwafuate. Ukingo unaoonekana mgumu pale huenda chini umeshaliwa.

Kurudi, siku ya nne, msirudie kona. Fikeni Warrnambool, mle chakula cha mchana, kisha mchukue barabara kuu ya bara. Ni kama saa tatu hadi Melbourne.

Matlai

Nawashukuru sana, Mungu awabariki. Jana usiku nilimsomea mume wangu sauti ya juu. Nilipofika pale pa "tutasimama mbele" alinyamaza, kisha akaniuliza, "Hivi mimi nakwambiaga hivyo?" Nikamwambia ndiyo, tangu Chalinze ya mwaka ule. Tumeweka vyumba: Aireys Inlet, Apollo Bay, Port Campbell. Lorne hadi Apollo Bay naendesha mimi, amekubali mwenyewe.

Swali la mwisho. Binti yangu kanituma picha ya koala, nisirudi bila. Kwenye njia hiyo wapo, au mpaka bustani ya wanyama?

Kaskazi

Wapo, tena wa mwituni. Simameni Kennett River, ni kati ya Lorne na Apollo Bay, kwa hiyo utakuwa wewe kwenye usukani. Egesha gari chini, pandeni kwa miguu barabara ya vumbi ya Grey River Road. Msitafute kwenye majani. Tafuteni kwenye panda za mikaratusi, mahali tawi linapoachana na shina. Utaona kitu kama furushi la sufu ya kijivu limekwama. Subirini chini yake kimya. Wetu alikaa dakika ishirini bila kutikisika, kisha akanyoosha mkono mmoja, akachuma jani, akalinusa kwanza kabla ya kulila.