Naomba ushauri: faini kwa daktari anayekiuka maadili, iingie kwenye sheria?

Wakuu, habari zenu. Dada yangu alifanyiwa upasuaji, kitambaa cha kufyonzea damu kikasahaulika tumboni. Wiki 3 kidonda kinatoa usaha. Tulipoomba faili, ukurasa wa siku ya upasuaji haukuwepo. Huo ukurasa ndio unaoniuma zaidi: kusahau ni uzembe, lakini kuficha ni kukosa utu kabisa.

Baraza la madaktari huweza kuonya, kusimamisha au kufuta usajili. Nataka kumpelekea mbunge wetu pendekezo la faini. Ila faini kwa kawaida huingia serikalini. Mgonjwa hutafuta fidia yake kwa kesi ya madai. Tena nahofia woga wa faini utaongeza kuficha. Wanasheria na matabibu mliomo humu, faini ilenge makosa yapi hasa?