Klabu ya filamu imetugeuza makarani wa kuhesabu damu na giza, kisha ikauita huo uchambuzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimesubiri siku tatu hasira ipungue kabla sijaandika, na haijapungua. Jumamosi iliyopita nilihudhuria kipindi cha pili kati ya vinne nilivyovilipia katika klabu moja ya filamu hapa mjini, ambayo sitaitaja, mada ikiwa ni kuchambua filamu za kutisha kwa kutumia utanzu, yaani aina ya filamu pamoja na kanuni zake. Kabla taa hazijazimwa tuligawiwa karatasi yenye visanduku kumi na viwili: damu, giza, makaburi, mayowe, nyumba ya upweke, na kadhalika. Kila tukikiona kitu tuweke alama ya vema. Zikifika nane, filamu ni ya kutisha.

Filamu yenyewe ilikuwa Night of the Living Dead ya George Romero, iliyotoka Marekani mwaka 1968. Wafu wanaamka na kula watu, na watu saba wanajikuta wamejifungia katika nyumba moja ya shambani. Ben, kijana Mweusi anayevunja samani na kugongomea mbao madirishani, ndiye pekee anayeiona asubuhi. Kunapambazuka, mbwa wanabweka, na kundi la wanaume wenye bunduki linakuja likiwasaka wafu. Ben anapanda kutoka chumba cha chini, anachungulia dirishani, na hapo hapo anapigwa risasi ya kichwa. Maiti yake inachukuliwa kwa kulabu na kutiwa moto pamoja na za wale aliopigana nao usiku kucha.

Nikanyoosha mkono nikauliza asubuhi ile inaingia kisanduku gani. Mwezeshaji akajibu kwamba hiyo ni siasa, haihusiani na utisho, na kwamba turudi kwenye karatasi.

Naomba nijibu hapa, kwa kuwa pale sikupewa nafasi. Siasa hiyo imepita mlango gani, kama si mlango wa utanzu wenyewe? Katika filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931, wanakijiji wanatoka na mienge na mbwa, wanalifukuza dubwana hadi kwenye kinu cha upepo, kisha wanakichoma. Katika Dracula ya mwaka huo huo, mapambazuko ndiyo yanayomlazimisha mnyonya damu kurudi jenezani, anakokutana na kigingi. Kwa miaka zaidi ya thelathini mtazamaji alizoeshwa kwamba jua likichomoza umepona, na umati ukija na moto, mambo yatarudi yalivyokuwa. Romero alichukua alfajiri ile ile, mbwa wale wale, umati ule ule na moto ule ule, akabadilisha kitu kimoja tu: anayechomwa. Asiyeijua ahadi ya zamani ataona kifo cha mtu mmoja; anayeijua ataona ahadi ikivunjwa mbele ya macho yake. Romero alieleza kwamba mwigizaji Duane Jones alipewa nafasi ya Ben kwa kuwa alifanya vizuri kuliko wengine kwenye usaili, nami sina sababu ya kumpinga. Lakini mtazamaji wa Oktoba 1968, miezi sita baada ya Martin Luther King, mpigania haki za Weusi wa Marekani, kuuawa, hakuhitaji mkalimani wa picha ile.

Damu imejaa katika filamu za vita na giza limejaa katika za upelelezi, kwa hiyo karatasi yenye visanduku haiwezi kutuambia lolote. Mtu akisema "Kitendawili" nawe ukajibu "Tega", mmekwisha kupatana juu ya kinachofuata. Utanzu ni mapatano ya namna hiyo, na kazi ya mchambuzi ni kuuliza yametimizwa wapi na yamekiukwa wapi. (Bwana mmoja pale klabuni aliyesema filamu haikumtisha, hivyo si ya kutisha, nimemsamehe, hakuchukua ada ya mtu.)

Nimewaandikia waandaaji nikitaka mambo mawili: karatasi zile ziondolewe, na kipindi cha tatu kianze na dakika kumi za mwisho za Frankenstein, zifuatiwe na dakika kumi za mwisho za Romero, bila maelezo katikati. La sivyo wanirudishie ada ya vipindi viwili vilivyobaki. Ujumbe umesomwa tangu Jumapili, jibu hakuna. Mliokuwa safu ya nyuma, ambao nilisikia mkiguna wakati nanyamazishwa, naomba mguno huo muuandike hapa.