Mjadala: Moto kwenye kidole kidogo cha mguu ili mtoto ageuke tumboni. Hospitali ikubali?

Mleta mada
Wakuu, habari za saa hizi. Nasoma udaktari huku Nanchang, jimbo la Jiangxi, China. Juzi nilikaa na mama wa mimba ya wiki 33, mtoto ametanguliza matako. Muuguzi akawasha moksa: majani ya artemisia yaliyokaushwa, yakatwangwa mpaka yakawa kama pamba, yakaviringishwa kwenye karatasi kama sigara nene. Hakumgusa nayo. Aliisogeza karibu na pembe ya nje ya ukucha wa kidole kidogo cha mguu, kama dakika 15 kila upande, vidole vyake mwenyewe vikiwa kando ya ngozi ya mama kupima joto. Anakung'uta jivu, anarudisha. Nyumbani mume ataendelea hivyo kila siku. Koti langu linanuka moshi mpaka sasa.

Wachina huita jiu. Herufi yake juu ni "muda mrefu", chini ni "moto". UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi mwaka 2010 pamoja na akupancha (tiba ya Kichina ya kudunga vijisindano kwenye ngozi), ila orodha hiyo ina ngoma pia, kwa hiyo msiniletee UNESCO kama ushahidi.

Msimamo wangu: kwa jambo hili moja tu, hospitali za kawaida ziruhusu. Mwaka 1998 JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, lilichapisha utafiti wa hapahapa Jiangxi: wanawake 260 wa mimba ya kwanza, nusu wakapewa moksa. Kufika wiki ya 35, watoto 98 kati ya 130 walishatanguliza kichwa. Wasiopewa, 62 kati ya 130. Hayo mengine ya kutibu kila kitu kuanzia pumu hadi ugumba, mimi simo.

Mkunga mstaafu
Mwanangu, hao 62 uliowataja waligeuka bila moto wowote. Watoto wa wiki 33 ndivyo walivyo, leo matako, kesho kichwa. Nimeona mama kaogopeshwa wiki nzima, anarudi kliniki mtoto kajigeuza mwenyewe.

Mleta mada
Shikamoo mama. Kweli kabisa, ndiyo maana kundi la pili likawekwa. Tofauti ya 98 na 62 ndiyo ninayoiongelea.

Msoma takwimu
Mkuu, mbona umeishia 1998? Mtafiti yuleyule, Cardini, alirudia Italia, matokeo yakatoka 2005. Safari hii wanawake 123 tu, kazi ikasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu wengi hawakufuata tiba, na makundi yote mawili yakatoka sawa. Halafu mama anajua fika kama amechomewa moksa au la. Hakuna kidonge cha uongo cha kulinganishia hapo.

Mleta mada
Nakubali ya Italia inauma. Lakini dawa isiyotumiwa utaipimaje? Na mapitio ya 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti zote hizi, yanasema moksa ikiongezwa juu ya huduma ya kawaida huenda inapunguza watoto wanaozaliwa wakiwa wametanguliza matako.

Msoma takwimu
Endelea kusoma. Mapitio hayohayo yanasema upasuaji huenda haupungui, au unapungua kidogo mno.

Mama Pacha
Ngoja kwanza. Mimi nilichotaka ni kukwepa kisu. Kama kisu kiko palepale, huyo mume akae na moshi chumbani wiki mbili kwa faida gani?

Mpenda mitishamba
Mnaisumbua bure. Artemisia ndiyo iliyompa Tu Youyou, mwanasayansi wa China, Nobel 2015 kwa dawa ya malaria, na Madagaska wakaitengenezea kinywaji wakati wa korona!

Mleta mada
Hapana mkuu. Ile ya malaria ni Artemisia annua, tena ni kemikali iliyochujwa. Hii ya kuchoma ni jamaa yake tu. Ukoo mmoja haufanyi kazi moja.

Wa Kampala
Kwetu huku Makerere waliwahi kujaribu moksa kwa wagonjwa wa TB, vijipande kama nusu punje ya mchele vinawashwa juu ya ngozi. Lakini vidonge vya TB viliendelea kama kawaida. Anayesikia "moksa inatibu TB" akaacha vidonge, atazikwa.

Mkunga mstaafu
Na mwenye kisukari? Mjomba wangu miguu ilikufa ganzi, akafanyiwa kwenye kliniki moja ya mtaani, hakusikia kitu mpaka malengelenge yalipopasuka. Kidonda miezi minne.

Mleta mada
Hilo sibishi. Ganzi ya miguu, hakuna moto. Pumu, hakuna moshi. Mama Pacha, swali lako limenikwamisha kweli. Kesho nitamuuliza daktari wetu wa uzazi: baada ya moksa, wangapi wanajifungua kwa njia ya kawaida hapa wodini, na nani anahesabu.