Fife: wenye viti 34 wakaenda upinzani, wenye 20 ndio wakaongoza. Ni haki?

Mtu wa Leven

Wadau, salaam. Uchaguzi wa madiwani wa Uskoti umepangwa tena Mei 2027, na ubishi wa ule uliopita bado haujaisha vijiweni kwetu. Nauleta hapa.

Kwa wasioishi huku: Fife ni rasi ya mashariki mwa Uskoti, kati ya mto Forth na mto Tay. Kuna Dunfermline, Kirkcaldy, St Andrews ya gofu na chuo kikuu, na Glenrothes yaliko makao makuu ya halmashauri. Kata 22, madiwani 75. Tarehe 5 Mei 2022 watu walipiga kura, na viti vikagawanyika hivi: SNP, chama kinachotaka Uskoti iwe nchi huru, 34. Labour, chama cha wafanyakazi, 20. Liberal Democrats, watu wa katikati, 13. Conservative, wahafidhina, 8. Ili kushika wingi unahitaji 38, kwa hiyo hakuna aliyefika.

Tazameni na walikotoka. Mwaka 2017 SNP walikuwa na 29, Labour 24, Conservative 15, Liberal Democrats 7. SNP na Labour wakaongoza pamoja miaka mitano, viongozi wawili kwenye kiti kimoja, David Alexander wa SNP na David Ross wa Labour. Mwaka 2022 SNP wakapanda, Labour wakashuka, Conservative wakaporomoka hadi karibu nusu. Halafu madiwani walipokaa kuchagua uongozi, Labour wakachukua halmashauri peke yao, bila mseto rasmi, kwa kura za Liberal Democrats na Conservative. David Ross akabaki kiongozi. Alexander akaenda upinzani na watu wake 34.

Sisemi sheria ilivunjwa, haikuvunjwa. Ninachosema ni kwamba mpiga kura hakuambiwa. Nchi hii ya Fife, hasa upande wa Cowdenbeath, Lochgelly na Methil, ni ya wachimba makaa. Jimbo la West Fife lilimpeleka Mkomunisti bungeni London, Willie Gallacher, kuanzia 1935 hadi 1950. Wazee wa huko mgomo wa 1984 hadi 1985 wanauzungumza kama wa juzi, na jina la Thatcher, waziri mkuu wa Conservative wa wakati ule, hulitaji mezani mwao bila kuharibu chakula. Mzee kama huyo anaandika 1, yaani chaguo lake la kwanza, mbele ya mgombea wa Labour, kisha anakuja kusikia diwani wake ameingia madarakani kwa kura za Conservative. Angelijua hilo kabla, angeandika 1 palepale?

Kisauni Original

Huu ni wizi wa mchana peupe ukiwa umevaa tai. Kwetu Kenya gavana tunamchagua sisi wenyewe, karatasi yake peke yake, aliyezidi kura ameshinda. Huku kiongozi wa halmashauri hata kwenye karatasi ya kura hayumo, anatoka kwenye kikao. Watu 34 wanakaa nje, watu 20 wanakata keki. Alafu tunaambiwa ni demokrasia ya miaka mingi.

Bi Mkunazini

Kaka yangu wa Kisauni, taratibu. Ishirini hawakumshinda mtu. Waliowashinda thelathini na wanne ni arubaini na moja. Ishirini na kumi na tatu na nane, zijumlishe. Madiwani 41 kati ya 75 hawakutaka SNP waongoze. Unataka 34 watawale 41 kwa sababu tu wale 34 wanavaa rangi moja?

Na kuna jambo Mtu wa Leven amelipita mbio. Siasa ya huku tangu kura ya maoni ya 2014 imegawika pande mbili, wanaotaka uhuru wa Uskoti na wasioutaka. Fife ilisema hapana mwaka ule, asilimia 55. Labour, Liberal Democrats na Conservative wote watatu wako upande mmoja katika hilo. Mtu aliyewapigia hakushtuka hata kidogo walipokutana.

Mtu wa Leven

Bi Mkunazini, shikamoo, nakuheshimu, lakini halmashauri haina mamlaka ya kuitenga hata Kirkcaldy na Dunfermline. Kazi yake ni shule, barabara za mtaa, nyumba za halmashauri, wazee wanaohitaji uangalizi majumbani, na mapipa ya taka. Kwenye mambo hayo nani anafanana na nani? Labour na SNP waliendesha pamoja kuanzia 2017 na halmashauri haikuanguka. Leo tunaambiwa haiwezekani, kwa sababu ya bendera.

Na hesabu yako naikubali, ila iendeleze. Toa Conservative. Labour 20 na Liberal Democrats 13 ni 33. SNP ni 34. Kama wale wanane wangekaa kimya, 34 dhidi ya 33. Mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, Aprili 2022, polisi walimtoza faini Boris Johnson, waziri mkuu wa Conservative, kwa ile sherehe iliyovunja masharti ya korona, na wapiga kura wakawaadhibu Conservative karibu kila kona ya Uskoti. Hapa Fife walipoteza viti saba kati ya kumi na vitano. Chama kilichoadhibiwa kuliko vyote ndicho kilichoamua nani akae kwenye kiti. Hapo ndipo panaponikera.

Mhasibu wa Usiku

Nimesoma kimya mpaka hapa. Watu wa SNP wanaolia humu, au wanaolia kwa niaba yao, wana kumbukumbu fupi.

Mwaka 2007 ndipo Uskoti ilipoanza kuchagua madiwani kwa utaratibu huu wa kupanga wagombea kwa namba 1, 2, 3. Fife wakati ule ilikuwa na madiwani 78. Labour walipata 24, SNP 23, Liberal Democrats 21, waliobaki ni Conservative na wagombea binafsi. Chama kikubwa kilikuwa kipi? Labour. Nani aliongoza? SNP, kwa mseto na Liberal Democrats, Peter Grant akawa kiongozi. Labour, wenye viti vingi kuliko wote, wakakaa nje mpaka 2012. Sikusikia mtu wa SNP akisema ameibiwa kura na nafsi yake mwenyewe.

Wala Fife haiko peke yake. Mwaka huohuo wa 2022, Edinburgh: SNP 19, Labour 13, Liberal Democrats 12, Green, chama cha mazingira, 10, Conservative 9. SNP na Green wakakubaliana, wakafika 29 kati ya 63. Labour wakaongoza wakiwa na 13. Stirling ndiyo kali zaidi: SNP 8, Conservative 7, Labour 6, na walioongoza ni hao wenye sita. Unaweza kuchukia, lakini usiseme ni muujiza wa Fife.

Sasa utaratibu wenyewe, kwa faida ya Kisauni. Kila kata ya Fife ina madiwani watatu au wanne. Kata ya madiwani watatu ikiwa na kura halali 4,000, unagawanya kwa nne, unaongeza moja: mgombea akifika 1,001 amepita. Kura zake za ziada haziozi, zinahamia kwa namba 2 wa kila mpiga kura, kwa thamani iliyopunguzwa. Wa mwisho anatolewa, kura zake nazo zinahama. Mfumo umetengenezwa makusudi ili chama kisipate wingi wa viti kikiwa na kura chini ya nusu, ingawa bado hutokea, SNP walipata viti 15 kati ya 29 Dundee. Ukichagua mfumo unaogawa viti, umechagua pia vikao vya baada ya uchaguzi. Hata Tanzania Bara meya huchaguliwa na madiwani, si na mimi niliyepanga foleni.

Kisauni Original

Sawa mhasibu, 2007 umenishika shati. Lakini makosa mawili hayazai haki moja. Ilikuwa vibaya 2007, ikawa vibaya 2022.

Mhasibu wa Usiku

Au haikuwa vibaya mara zote mbili. Jiulize hili: SNP walihitaji watu wangapi? Wanne. Walikuwa na 34, walitafuta 38. Kwenye ukumbi walikuwamo madiwani 41 wa vyama vingine na hawakupata wanne. Liberal Democrats 13 hao hao walioongoza nao 2007 wangewafikisha 47. Chama kinachokosa rafiki hata mmoja katika ukumbi mzima kina swali la kujibu nyumbani kwake kabla ya kumnyooshea kidole jirani.

Papaa Uvira

Jambo kwenu wote. Mimi niko Dunfermline, natoka Uvira, Kongo. Mnapigana juu ya nani amekaa kwa kiti, mimi naona kingine. Ninyi Watanzania na Wakenya mlikuwa mnapiga kura huku tangu zamani kwa sababu ya Jumuiya ya Madola. Sisi Wakongo na ndugu zetu wa Burundi tulikuwa tunatazama. Sheria ya bunge la Uskoti ya mwaka 2020 ndiyo ilifungua mlango: mgeni yeyote mwenye kibali halali cha kuishi anapiga kura ya madiwani na ya bunge la Edinburgh, mkimbizi aliyekubaliwa pia, kuanzia miaka 16. Anayesubiri jibu la ombi la hifadhi bado hana. Uchaguzi huu wa 2022 ndio ulikuwa wa kwanza wa madiwani kwa watu kama mimi. Binti yangu wa miaka 16 alienda na mimi, na yeye ndiye alinieleza kwamba huandiki alama ya X, unaandika namba.

Kwa hiyo nimepiga kura, na wameongoza wale nisiowaweka namba 1. Niliwaweka namba 3. Siwezi kusema nimeibiwa. Lakini Mtu wa Leven amesema kitu cha kweli: hakuna mtu aliyegonga mlango wangu akasema "tukikosa wingi tutaenda na fulani." Walikuja na karatasi zenye picha ya shimo la barabarani, mtu amelinyooshea kidole. Wote, vyama vyote, shimo lilelile.

Bi Mkunazini

Hahaha, Papaa, shimo hilo hata kwetu Kirkcaldy limefika.

Lakini hiyo namba 3 yako ndiyo jibu langu kwa Mtu wa Leven. Karatasi ya huku inakuuliza si unayempenda tu, bali na unayeweza kumvumilia. Mzee wa Methil akiandika Labour 1 na SNP 2, ameshasema. Akiacha tupu, ameshasema pia.

Mtu wa Leven

Hapana, Bi Mkunazini. Namba 2 inaamua diwani yupi apite katika kata. Haimpi diwani wangu ruhusa ya kukaa na yeyote ukumbini Glenrothes. Hayo ni mambo mawili, na mnayachanganya kila mara kwa sababu yanawafaa.

Na tusidanganyane kwamba hayana uzito. Halmashauri haina fedha nyingi za kwake, sehemu kubwa inatoka serikali ya Uskoti, ambayo ni ya SNP. Oktoba 2023 Humza Yousaf, aliyekuwa kiongozi wa serikali hiyo, alisimama kwenye mkutano wa chama chake akatangaza kodi ya halmashauri haitapanda mwaka unaofuata, halmashauri zenyewe zikasikia kwenye habari kama sisi. Katika hali hiyo ni muhimu kujua anayekwenda kubishana na Edinburgh anabishana kwa ajili ya shule zetu au kwa ajili ya chama chake. Sijui kama diwani anayeshikiliwa na kura za Conservative anaweza kunijibu hilo kwa uhuru.

Papaa Uvira

Na akiwa wa SNP, angebishana na Yousaf? Mimi nauliza tu.

Mtu wa Leven

Swali zuri, na pengine asingebishana. Ndiyo maana sijasema SNP walistahili kiti. Soma juu. Nimesema mpiga kura aambiwe. Kila chama kiandike kwenye karatasi yake ya kampeni, chini ya hilo shimo: tukikosa 38, tutazungumza na hawa, hatutazungumza na wale. Mstari mmoja tu.

Kisauni Original

Hapo nakuunga mkono, na nitamuuliza kila mmoja atakayegonga mlango.

Mhasibu wa Usiku

Mkuu, mstari huo ulikuwepo. Kiongozi wa Labour Uskoti, Anas Sarwar, alisema wazi kabla ya kura kwamba chama chake hakitaingia mseto na chama chochote katika halmashauri. Na hawakuingia. Waliongoza wachache, peke yao, wengine wakawapigia kura ukumbini. Utawaandikisha mstari gani ambao mwanasheria wa chama hataupitia kwa mtindo huohuo?

Mtu wa Leven

Nitauliza kwa maneno mengine basi: "Utapokea kura ya nani?" Wajibu hilo.