Ramani za nyumba Mombasa: lokesheni iwe wazi saa zote, ukitumia tu, au ubandike pini mwenyewe?

Bint_Tudor
Salaam jamani. Natafuta nyumba ya kupanga, vyumba viwili, Kisauni au Bamburi, ikishindikana hata Likoni. Programu niliyopakua inataka lokesheni kabla haijanionyesha hata bei. Naweza kuiruhusu saa zote, kuiruhusu ninapoitumia tu, au kuikatalia nikabandika pini kwa mkono. Ipi inafaa? Naishi peke yangu, na sitaki nyendo zangu zijulikane.

Fundi_Mwembe_Tayari
Dada, ya saa zote iondoe kabisa. Hiyo inaipa programu ruhusa ya kusoma ulipo hata simu ikiwa mkobani, na kutafuta nyumba hakuhitaji hayo. Halafu kuna chaguo hujalitaja. Kuanzia Android 12 ya mwaka 2021, simu inakuuliza utoe mahali hasa ulipo au pa kukadiria. iPhone inalo tangu iOS 14 ya 2020. Ukichagua makadirio kwenye Android, programu inapewa eneo la kama kilomita 3 za mraba. Ukiwa nyumbani unalinganisha kodi za Bamburi, hilo linatosha sana.

Kijana_wa_Kizingo
Kwa Bamburi sawa, kaka. Kwetu kisiwani makadirio yanachanganya, maana kisiwa chenyewe hakifiki kilomita 20 za mraba. Ukiomba nyumba za karibu, Tudor, Tononoka na Majengo zinakuja zote pamoja.

Na wewe Bint, kuhusu Likoni: programu nyingi hupima umbali kwa mstari ulionyooka. Ukisimama Kizingo, nyumba ya ng'ambo inaonekana iko hapo hapo, lakini kati yenu kuna maji na foleni ya feri. Usichague kwa kilomita. Uliza muda wa safari wa saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kazi.

Mama_Fei
Mimi napendelea pini ya mkono, tena kwa sababu nyingine. Madalali wengi hubandika pini barabara kuu, kwa hiyo nyumba kumi zinarundikana Mtambo, kule Bamburi, wakati zenyewe ziko ndani huko, mwendo wa bodaboda. Lokesheni yako iwe sahihi namna gani, pini yake ikiwa ya uongo utapotea tu. Mwambie dalali asimame mlangoni pa nyumba, akutumie lokesheni kutoka hapo. Anayekataa, mwanangu, achana naye. Na ukienda kuangalia, nenda na mtu.

Mzee_Mpimaji
Nyongeza kwa wanaonunua. Simu ya kawaida, mbingu ikiwa wazi, inakosea kwa mita kama 5. Mji wa Kale inakosea zaidi, kwa kuwa mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta za vichochoro kabla ya kufika kwenye simu. Mkiandikiana namba za mahali (latitudo na longitudo), tarakimu ya nne baada ya nukta ni kama mita 11, ya tano ni kama mita 1. Alama ya kutoa msiisahau: sisi tuko kusini ya ikweta, na latitudo ya Mombasa, -4.05, ikikosa alama hiyo itakupeleka Ethiopia.

Kwa mpangaji, mita 5 si kitu. Kwa mnunuzi wa ploti ni ukuta wa jirani. Mpaka unaonyeshwa na mpimaji mwenye leseni, na mwenye ardhi anajulikana kwa kutafuta rekodi kwenye ofisi ya ardhi. Hapa Pwani jambo hilo ni zito zaidi, kwani tuna nyumba bila ardhi: mtu anamiliki jengo huku kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Ramani itakuonyesha paa zuri, na hayo hutayaona. Ulizeni kabla ya kutoa hata arubuni.

Bint_Tudor
Ahsanteni sana, shikamoo Mzee. Basi nyumbani nitatumia makadirio, na siku ya kwenda kuona nyumba nifungue mahali hasa. Fundi, nikishamaliza naifungaje?

Fundi_Mwembe_Tayari
Siku hiyo chagua "mara hii tu". Ukitoka kwenye programu, baada ya muda mfupi ruhusa inakatika yenyewe, na siku nyingine itakuomba upya. Kama umeshairuhusu, ingia Mipangilio, kisha Mahali, tafuta orodha ya programu zenye ruhusa, uiguse hiyo na uzime swichi ya mahali hasa. Kagua orodha yote ukiwa hapo, utakuta na nyingine zilizoruhusiwa saa zote.